Mwalimu aliona na mwalimu akasema: kisa cha mwanafunzi wa bomu la Parsons Green

Kuna kisa kimoja cha Uingereza ambacho kila mtu anayefundisha vijana wageni, iwe lugha iwe fani nyingine, angetakiwa akijue kuanzia mwanzo mpaka mwisho na sio zile dakika mbili za taarifa ya habari. Ni kisa cha Ahmed Hassan, kijana wa Kiiraki aliyeacha bomu kwenye treni ya chini ya ardhi ya London asubuhi ya tarehe 15 Septemba 2017, likalipuka kituo cha Parsons Green. Wengi wanakikumbuka kama kisa cha ugaidi tu, bomu, polisi, kesi, kifungo, basi. Mimi nakisoma kama kisa cha mwanafunzi. Maana huyu kijana hakuwa amejificha porini, alikuwa anaenda chuo, ana mwalimu anayemjua vizuri, ana familia inayompikia, ana faili lake serikalini, na mwaka mzima kabla ya lile bomu mwalimu wake alishaona kitu na akasema.

Hapo ndo pananiuma. Semina zote za kuwalinda wanafunzi na itikadi kali zinatufundisha jambo moja, tazama dalili, ripoti. Sawa. Hapa dalili zilitazamwa na ripoti ikapelekwa. Sasa ilikuwaje?

Tuanze alikotoka. Hassan aliingia Uingereza Oktoba 2015 akiwa amejificha ndani ya lori lililopita kwenye njia ya chini ya bahari kutoka Ufaransa, hana mzazi hana ndugu, akasema ana miaka 16. Kwa maelezo yake wazazi wake wote wawili alishawapoteza akiwa mdogo kule Iraki. Januari 2016 akahojiwa na maofisa wa uhamiaji wa Wizara ya Mambo ya Ndani kuhusu ombi lake la hifadhi, na kwenye mahojiano yale akasema wazi kabisa kwamba kundi la ISIS lilimchukua kwa nguvu, likamfundisha kuua, yeye na watu wengine karibu 1,000. Hayo sio maneno yaliyogunduliwa baadae na wapelelezi, aliyasema mwenyewe, mbele ya ofisa, yakaandikwa.

Baadae mahakamani aligeuka akasema ule ulikuwa uongo, kwamba alitunga stori ili apewe hifadhi. Inawezekana. Lakini hebu fikiria, kama ni kweli basi una mtoto aliyepitia mikono ya wauaji na anahitaji msaada mkubwa sana wa akili na roho, na kama ni uongo basi una kijana ambaye jina la ISIS ndo kitu cha kwanza kinachomjia mdomoni anapotaka kusikilizwa. Vyovyote vile huyo sio mtu wa kumwandikia fomu na kumpangia kitanda halafu ukaendelea na foleni.

Alikaa kwanza kwenye makazi ya vijana, ndani ya hayo makazi mfanyakazi mmoja wa shirika la watoto alimsikia akisikiliza wimbo wa Kiarabu wenye maneno ya kuja kuchinja watu majumbani kwao. Aprili 2016 akapelekwa kwa wazazi walezi, mtu na mkewe, wazee, wakazi wa Sunbury nje kidogo ya London, watu ambao walishalea mamia ya watoto wa watu kwa miaka mingi mpaka wakapewa nishani na Malkia. Akaandikishwa chuo cha kati cha Brooklands kule Weybridge, mkoa wa Surrey, kusoma mambo ya habari na upigaji picha.

Hapa sasa anaingia mwalimu. Jina lake silitaji japo alitoa ushahidi hadharani, maana hakuna sababu ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri kuendelea kutajwatajwa kila bomu hili likizungumzwa. Mwalimu huyu hakuwa mtu wa kukaa na fomu ya dalili mkononi, alikuwa anaongea na kijana. Akamjua kwamba ana akili, ana bidii, na ana jambo zito moyoni. Akamsikia akiilaumu Uingereza na Marekani kwa mabomu ya Iraki, akimlaumu Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita vya Iraki, kwa vifo vya wazazi wake. Akamsikia akisema ana wajibu wa kuichukia Uingereza. Na Agosti 2016 akaona kwenye simu ya kijana meseji ya WhatsApp inayosema ISIS imepokea mchango wako.

Meseji kama hiyo haihitaji mtaalamu. Mwalimu akaripoti kwa Prevent.

Kwa wasioijua, Prevent ni ule mpango wa serikali ya Uingereza wa kuzuia watu wasiingizwe kwenye ugaidi kabla hawajatenda kosa. Ulikuwepo tangu miaka ya 2000 lakini mwaka 2015 ilipitishwa Sheria ya Kupambana na Ugaidi na Usalama iliyofanya kuwa wajibu wa kisheria, shule kuanzia Julai 2015, vyuo kuanzia Septemba mwaka huohuo. Hata zile shule za Kiingereza zinazopokea wanafunzi kutoka nje, wale wanaokuja kozi za kiangazi na kulala kwenye nyumba za wenyeji, nazo siku hizi zina sera yake na mtu wake maalumu wa kupelekewa wasiwasi. Ripoti ikionekana nzito inaenda kwenye jopo linaloitwa Channel, mwenyekiti anatoka halmashauri ya eneo, ndani yake wamo polisi, ustawi wa jamii, afya, elimu, wanakaa wanapanga msaada gani mtu apewe. Na ni hiari, mhusika anaweza kukataa.

Kwenye makaratasi mpango umekaa vizuri. Kati ya Aprili 2016 na Machi 2017, yaani kipindi kilekile cha Hassan, watu 6,093 waliripotiwa Prevent, na waliofikia kupewa msaada kupitia Channel ni 332. Kundi lililoripoti watu wengi kuliko mengine yote ni watu wa elimu. Kwahiyo ukiona mtu analaumu walimu kwamba hawasemi, mwambie aangalie tena hizo namba. Walimu wanasema sana. Pengine kupita kiasi, nitarudi hapo.

Kesi ya Hassan ilifika Channel, ikafunguliwa, ikajadiliwa, na cha kusikitisha ni kwamba siku bomu linalipuka kesi ilikuwa bado iko wazi! Yaani hakuwa mtu aliyesahauliwa kabatini, alikuwa mtu ambaye kwenye kumbukumbu za serikali anaendelea kusaidiwa.

Wakati huohuo chuoni kijana anang'ara. Kiangazi cha 2017 akapewa tuzo ya mwanafunzi wa mwaka, na zawadi yake ikawa vocha ya Amazon ya pauni 20. Kwa vocha ile akanunua mojawapo ya kemikali za bomu.

Nimeisoma sehemu hii mara nyingi na bado inanipa shida. Sio kwamba chuo kilikosea kumtuza, kijana alisoma kweli, picha alipiga kweli. Shida ni kwamba sisi walimu tuna tabia moja, mwanafunzi akianza kufanya vizuri tunapumua. Tunasema huyu sasa amepona, ametulia, amekuwa wetu. Mahudhurio mazuri, kazi anawasilisha, anacheka na wenzake, basi ule wasiwasi wa mwaka jana unashuka wenyewe bila mtu kuamua ushuke. Kumbe kijana anaweza kuwa anasoma kwa bidii na anachukia kwa bidii, vyote kwa wakati mmoja na kwa akili ileile. Mwalimu wake alieleza kwamba kijana alikuwa anajisikia hatia pale anapofurahia maisha. Hilo neno lilitakiwa kusimamisha watu. Kama furaha inamletea hatia basi kila unachompa ili afurahi, tuzo, safari, sherehe, kinaongeza lile deni analohisi analo kwa waliokufa. Huyu hahitaji kupongezwa tu, anahitaji mtu wa kukaa nae kwenye msiba wake.

Mwanzoni mwa Septemba wazee wake wakaenda mapumziko Blackpool, na kijana akabaki nyumbani. Bomu akalitengenezea humohumo ndani ya nyumba ya watu waliompa chumba. Asubuhi ya tarehe 15 akatoka mapema, akapanda treni mpaka Wimbledon, akaingia chooni akategesha, akapanda treni ya laini ya District, akaacha ndoo ndani ya mfuko wa dukani, akashuka Putney Bridge. Kituo kinachofuata, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, ndoo ikalipuka kwenye behewa lenye watu 93. Mungu alisaidia haikulipuka yote, hakuna aliyekufa. Walioumia ni 51, wengine kwa moto, wengine kwa kukanyagana wakikimbilia ngazi. Kesho yake asubuhi akakamatwa bandari ya Dover akiwa na zaidi ya pauni 2,000 mfukoni.

Kesi ilisikilizwa kwenye mahakama ya Old Bailey kule London, Machi 2018. Utetezi wake ulikuwa kwamba hakutaka kuua, kwamba alikuwa ameboreka, ana msongo, amejaa filamu za kukimbizana na alitaka awe mtoro anayesakwa Ulaya nzima. Wazee wa baraza hawakukubali, akahukumiwa kifungo cha maisha na asifikiriwe kutoka kabla ya miaka 34. Jaji Haddon-Cave alimwambia maneno ambayo ndugu zangu Waislamu wa pwani na visiwani wangependa kuyasikia kutoka kwa jaji wa Kiingereza, kwamba Qur'ani ni kitabu cha amani, Uislamu unakataza kuvuka mipaka hata kwenye dini yenyewe, unakataza kuvunja sheria za nchi uliyopokelewa kama mgeni, na kwamba huko jela atapata muda mrefu wa kuisoma.

Sasa tuingie kwenye mfupa wenyewe.

Novemba 2018 kamati ya Bunge la Uingereza inayosimamia mashirika ya usalama ilitoa ripoti kuhusu mashambulizi ya 2017. Kuhusu Parsons Green ilisema kulikuwa na mapungufu ya msingi, na ikawataja wahusika, Wizara ya Mambo ya Ndani, polisi na halmashauri ya Surrey, ikasema mlolongo wa makosa ulikuwa mrefu kiasi cha kuhitaji uchunguzi wake peke yake. Ona orodha hiyo. Chuo hakimo. Mwalimu hayumo. Wote watatu waliotajwa ni upande wa kupokea ripoti.

Na wale wazazi walezi walikuja kusema kwamba hawakuambiwa. Hakuna aliyewakalisha kitako akawaeleza kwamba huyu kijana tunayemleta kwenu alisema alifundishwa kuua. Watu wanaoishi nae, wanaofua nguo zake, wanaojua amelala saa ngapi na kifurushi gani kimeletwa na posta, ndo waliokuwa hawana habari. Ofisa uhamiaji anajua alichosema Januari. Mfanyakazi wa makazi anajua wimbo. Mwalimu anajua meseji na ile kauli ya wajibu wa kuchukia. Ustawi wa jamii wana faili, polisi wana faili, jopo lina kumbukumbu za vikao. Kila mmoja kashika kipande chake, na mtu mmoja tu ndo aliyekuwa anajua vyote, Hassan mwenyewe.

Watakuja watu waseme siri za mtoto, faragha, huwezi kumtangaza mtoto kwamba ni gaidi mtarajiwa. Nakubali kabisa, na ningekuwa mimi nisingetaka mwanafunzi wangu anyooshewe kidole sebuleni kwa watu. Lakini kumwambia mlezi sio kutangaza. Mlezi ni mzazi kwa wakati ule. Mtoto akiwa na kifafa mlezi anaambiwa, akiwa na mzio wa karanga anaambiwa, sasa hili ambalo linaweza kuua watoto wa watu wengine na yeye mwenyewe kumpoteza ndo linafichwa?

Kwa nini naleta kisa hiki kwa watu wa shule za lugha wakati Hassan alikuwa anasoma picha? Kwa sababu mazingira ni yaleyale. Mwanafunzi wa lugha, hasa kijana aliyekuja peke yake, anaishi mchana kwa lugha moja na usiku kwa lugha nyingine. Mchana darasani ana maneno machache, anaeleza maisha yake kwa sentensi za mtoto mdogo, jina langu fulani, natoka mahali fulani, napenda mpira. Yale makubwa hayana maneno bado. Usiku anafungua simu na pale kuna watu wanaongea lugha ya mama yake, wanamwita ndugu, wanajua mji wake, wanajua waliokufa, wanampa maelezo kamili ya kwa nini waliokufa walikufa na nani alaumiwe. Mchana kila mtu anamsahihisha, usiku kuna mtu anamwelewa. Wanaowinda vijana wanalijua hilo vizuri kuliko sisi, ndo maana hawaanzi na bunduki, wanaanza na salamu na pole.

Na mwalimu wa lugha ndo mtu pekee mchana ule ambae kazi yake ni kumfanya huyu kijana aongee. Madarasa ni madogo, mnaulizana habari za nyumbani kila siku, mada ya familia, mada ya zamani, mada ya kesho. Hakuna daktari wala polisi anayepata saa kumi na tano kwa wiki za kumsikiliza mtu. Ndo maana sio ajabu kwamba aliyeona meseji alikuwa mwalimu. Nikiwa nafundisha wageni nimeona mara nyingi tu mada ya kawaida kabisa, mfano wakati uliopita, inafungua jambo ambalo mwanafunzi hajawahi kumwambia mtu. Ukimuuliza mtu jana ulifanya nini unapata jibu, ukimuuliza ulipokuwa mdogo mlikuwa mkifanya nini, wengine wananyamaza. Ule ukimya sio wa sarufi.

Ila tahadhari, na hii ndo ile niliyosema nitairudia. Mwalimu anayemsikiliza mtu asiyejua lugha vizuri anaweza pia kusikia kitu ambacho hakikusemwa. Kule Luton, Uingereza, mwaka 2016 ilitoka habari ya mtoto wa miaka 4 aliyechora picha ya mtu akikata tango kwa kisu, akalitamka lile neno la Kiingereza la tango (cucumber) kitoto, wafanyakazi wa shule yake ya awali wakasikia kama anasema bomu la jiko (cooker bomb), suala likaanza kupelekwa mbele kama jambo la itikadi kali. Mama wa mtoto alilia. Jamii za Kiislamu Uingereza zimelalamika miaka yote hii kwamba Prevent imewafanya watoto wao waonekane washukiwa kabla hawajajua hata kusoma, na malalamiko hayo yana msingi. Kijana akianza kuswali sio dalili. Akifuga ndevu sio dalili. Akikasirika kuhusu vita vya Iraki sio dalili, watu zaidi ya nusu milioni waliandamana London Februari 2003 kupinga vita hiyohiyo na wengi wao hawakuwa Waislamu. Mwalimu wa Hassan hakuripoti dini, hakuripoti hasira peke yake, aliripoti meseji ya mchango kwa kundi la kigaidi pamoja na kijana anayesema chuki ni wajibu wake. Tofauti ni kubwa mno na ndo ufundi wenyewe wa kazi hii, kujua nini cha kuuliza zaidi kwa upole, na nini cha kupeleka siku hiyohiyo.

Na wale 6,093 wakijazwa watoto wa tango, basi yule wa mchango wa ISIS anakuwa karatasi moja kwenye rundo. Kuripoti ovyo kunamficha mhusika wa kweli.

Mtu anaweza kudhani Parsons Green ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Hapana. Mbunge wa Uingereza David Amess alichomwa kisu akafa Oktoba 2021 akiwa anasikiliza wapiga kura wake Leigh-on-Sea, na muuaji, Ali Harbi Ali, alisharipotiwa Prevent na shule yake mwaka 2014, akapelekwa Channel, akakutanishwa na mshauri mara moja tu, wakanywa kahawa McDonald's, mwisho kesi ikafungwa. Yule kijana wa mji wa Southport, hukohuko Uingereza, aliyeua watoto watatu wa kike Julai 2024 alikuwa ameripotiwa mara 3 kati ya 2019 na 2021, na kila mara ikafungwa. Mara zote hizi watu wa shule waliongea. Uliza shule zile zilirudishiwa jibu gani.

Nasi tunalo letu, tusijifanye hili ni la Waingereza. Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa chuoni na Al-Shabaab, na mmoja wa wauaji alikuwa Abdirahim Abdullahi, msomi wa sheria kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kule Mandera. Baba yake alishaenda kwa vyombo vya usalama kusema mwanangu haonekani. Chifu, mtu wa serikali, alikwenda kuripoti mtoto wake wa kumzaa! Sijui kama kuna ripoti nzito kuliko hiyo, na bado asubuhi ile ikafika.

Kwa Kenya kuna ugumu wa ziada ambao Mwingereza hana. Mzazi wa Majengo, wa Likoni, wa Kwale anajua kuna vijana waliochukuliwa na watu wasiojulikana wasirudi, Haki Africa ya Mombasa iliandika visa vya aina hiyo pwani, mauaji na watu kupotea. Kwahiyo mzazi akiona mtoto amebadilika anapima, nikisema atasaidiwa au nitaletewa maiti? Ukimkuta amenyamaza usimwite mshiriki wa magaidi. Mahali ambapo ripoti inaweza kumuua mtoto, mama hataripoti, na mwalimu anayempenda mwanafunzi wake nae atasita. Uingereza kasoro ilikuwa ripoti kutofanyiwa kazi ipasavyo, kwetu kuna hofu itafanyiwa kazi namna gani. Zote mbili zinamwacha kijana mikononi mwa wale wa kwenye simu.

Sasa walimu wenzangu, wakuu wa shule na wale wenye vituo vya lugha, kwa kisa hiki kilivyokwenda mimi ningeanzia kwenye kupokea, sio kwenye kuona. Shule iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa sura na sio jina kwenye bango, na mwalimu akimpelekea wasiwasi apewe siku ya kurudi kwa majibu. Sio majibu ya siri zote, aambiwe tu tumeongea na fulani, hatua inayofuata ni hii, wewe endelea kumwangalia kwenye hili na hili. Mwalimu wa Hassan alikaa na huyo kijana darasani mwaka mzima baada ya kuripoti. Mwaka mzima wa masikio yaliyofunguka, ambayo yangeweza kutumika kila wiki.

Mwenye nyumba anayempokea mwanafunzi chini ya miaka 18 aambiwe kinachojulikana kabla begi halijaingia ndani, na awe na namba ya kupiga akiona vifurushi vinaletwa kwa majina au anwani za ajabu, maana Hassan vifaa vyake vingine vilipelekwa kwa anwani ya rafiki. Akisafiri na kumwacha kijana peke yake shule ijue. Hili la Blackpool lingekuwa jambo dogo kwa kijana mwingine yeyote, kwa kijana aliye kwenye Channel halikuwa dogo hata kidogo.

Halafu kuna ile kazi isiyo ya usalama kabisa, ya kumpa maneno. Kijana mwenye msiba asisubiri mpaka afike hatua ya juu ya lugha ndo aweze kueleza msiba wake, mtafutie mtu mzima wa lugha yake, mwenye dini kama yake ikiwezekana, imamu au ustadhi anayeheshimika na asiyeogopa kuongelea Iraki, Somalia, Gaza kwa uwazi. Shule nyingi zinaogopa mada hizo, zinaona zikizungumzwa darasani zitaamsha hasira. Hasira ipo tayari. Ikikosa pa kuongelewa mchana mbele ya mtu anayempenda, itaongelewa usiku na yule anayemtumia meseji ya kumshukuru kwa mchango. Na mtu huyo mzima asiwe wa kikao kimoja cha kahawa kama alivyofanyiwa Ali Harbi Ali, awe wa miezi, anayerudi hata kama kijana amekuwa wa kwanza darasani.

Na mwisho wa muhula kabla jina halijaandikwa kwenye cheti cha tuzo, wale wachache wenye vipande wakae mezani dakika ishirini, mwalimu, mlezi, ustawi wa jamii, kila mmoja aweke chake, wasomeane. Kama kuna faili bado liko wazi mahali basi aliyeripoti awe na haki ya kuinua simu na kuuliza kesi ya mwanafunzi wangu imefikia wapi, na aliye upande wa pili awe analazimika kumjibu.